Ruhusa ya Kugoma

Jumatatu shuleni kwetu ilianza kwa mlio wa kuni. Kabla ya kengele, kabla ya wimbo wa taifa, wanafunzi walipita getini kwa mstari, kila mmoja na ukuni wake begani au kichwani, wakazunguka nyuma ya jiko na kuutupa kwenye rundo. Mwalimu wa nidhamu alisimama pale na daftari, akipima kwa macho tu. Ukuni uwe mnene kama mkono wa mtu mzima, urefu wake hatua moja. Mwembamba ulirudishwa ulikotoka, pamoja na mwenye nao.

Sitaki mtu adhani hiyo ilikuwa shule mbaya. Nimesoma Songea hii hii tangu darasa la kwanza, mtoto wa nesi aliyehamishiwa hapa kutoka mbali, na mimi pia nilibeba. Tulibeba kuni, fagio la chelewa, kidumu cha maji, na mavi ya ng'ombe kwenye mfuko kwa ajili ya bustani. Shule ilikuwa mahali pa kupeleka vitu. Sikuwahi kujiuliza kuni zinatoka wapi, kwa sababu zangu zilitoka sokoni. Mama alinunua, mimi nikafikisha.

Miaka michache iliyopita nilirudi mbele ya rundo kama lile nikiwa mwalimu wa kujitolea. Nilikuwa nimemaliza chuo, ajira hazijatoka, riwaya yangu ya kwanza imekwama sura ya nne, na sekondari moja ya kata pembezoni mwa mji, upande wa milima ya Matogoro, ilikuwa inatafuta mtu wa kufundisha Kiswahili. Nikapewa vipindi vyote vya kidato cha tatu. Nikapewa pia klabu ya mazingira, kwa kuwa nilikuwa mgeni na mgeni hajui kukataa. Klabu hiyo ilikuwa na kazi mbili. Ilipaka chokaa mawe yaliyopanga njia ya kwenda ofisini, na iliimba wageni wakija.

Mwenyekiti wake alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mrefu, mwenye sauti nzito kidogo na tabia ya kusimama hata akiulizwa swali la kujibiwa akiwa amekaa. Alikuwa mtu wa kwanza kwao kufika darasa lile. Mama yake alilima na kufua nguo za watu, na wadogo zake wawili walikuwa bado msingi. Alichokichukia kuliko vyote ni kuchelewa, na alichelewa karibu kila siku.

Sababu niliielewa siku aliponichorea ubaoni. Ilikuwa kikao cha klabu, saa tisa alasiri, joto la Oktoba limetulia juu ya bati na kila mtu anasinzia. Nilikuwa nimeuliza swali la kijinga, lile ambalo vitabu vya walimu hulipenda: taja changamoto za mazingira katika eneo lako. Akasimama, akachukua chaki, akachora duara.

"Nyumbani maji tunachota kwenye chemchemi ya bondeni, hapo nyuma ya shule," alisema. "Zamani ndoo ilijaa kabla hujamaliza kunawa uso. Sasa unachota kwa kikombe, unasubiri, unachota tena. Kwa hiyo nachelewa. Nikichelewa, adhabu ni ukuni wa ziada kesho yake. Ukuni naukata pale pale chemchemini, maana ndiko karibu na nimeshachelewa. Nikikata, maji yanapungua. Yakipungua, nachelewa." Akafunga duara. "Madam, hesabu hii mimi siioni mwisho wake."

"Mheshimiwa mwenyekiti, kwa hiyo wewe ndiye unayetumalizia maji!" mvulana mmoja akadakia kutoka nyuma.

"Na wewe je? Ukuni wako wa jana ulikuwa na majani mabichi."

"Ule niliuokota."

"Uliuokota juu ya mti?"

Darasa likaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Lakini duara lilibaki ubaoni, na nilipotoka sikulifuta.

Wiki iliyofuata niliwaonyesha video kwenye simu yangu. Watoto wa Ulaya, umri kama wao, wamesimama barabarani saa za masomo na mabango mikononi. Klabu nzima ikajipanga nyuma ya bega langu, shingo juu ya shingo.

"Hao wamefukuzwa ada?"

"Wamegoma," nikasema. "Wanataka wakubwa wafanye kitu kuhusu hali ya hewa. Dunia inazidi kuwa na joto."

"Joto? Na makoti yale?"

"Madam, hawachapwi?"

"Mimi ukinipa koti kama lile la buluu nagoma mpaka Krismasi."

Yeye hakucheka. Aliomba niirudie video, akaitazama tena akiwa ameinamisha kichwa, kisha akasema kwamba sisi joto la dunia nzima hatuliwezi. Tugomee kuni.

Nasema kwa dhati, moyo wangu uliruka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimejaa maneno makubwa yasiyo na pa kwenda, na hapa mbele yangu kulikuwa na watoto wenye dai dogo, safi, linaloshikika. Jiko la shule lilikuwa mawe matatu na sufuria juu, moto unalamba pande zote, moshi unamtoa mpishi machozi tangu asubuhi hadi makande yaive. Walitaka jiko banifu, la matofali, lenye mlango mdogo na bomba la moshi. Matofali klabu ilikuwa imeshafyatua wakati wa likizo na kuyachoma. Yalikuwa yamepangwa chini ya mti karibu na stoo, yakisubiri. Mjomba wa msichana yule alijifunza uashi kwenye chuo cha ufundi cha Hanga, na alisema angejenga bure akipewa ruhusa. Alisema jiko la namna hiyo lingepunguza kuni kiasi kwamba Jumatatu moja kati ya nne ingetosha.

Walichokosa ni hiyo ruhusa tu. Mara tatu walikuwa wameuliza ofisini, mara tatu wameambiwa suala lao linashughulikiwa.

"Basi gomeni," nikasema. Nilisema kirahisi hivyo.

Wakatazamana. Msichana akanitazama kama mtu anayeshangaa mwalimu wake ameacha wapi akili. "Madam, mgomo bila ruhusa ni utovu wa nidhamu. Tutafukuzwa. Mimi nikifukuzwa hapa, hakuna shule nyingine." Akafikiri kidogo. "Tuombe."

Muhula ule nilikuwa nimewafundisha barua rasmi. Walikaa wakaandika, kwa mwandiko wa mwenyekiti, anuani mbili, tarehe, na kichwa cha habari kimepigiwa mstari kwa rula: YAH: KUOMBA RUHUSA YA KUGOMA. Nakala yake ninayo hadi leo. *Husika na mada tajwa hapo juu. Sisi wanaklabu wa mazingira tunaomba ruhusa yako ya kugoma kuleta kuni kuanzia Jumatatu ijayo hadi jiko banifu litakapojengwa, ili kunusuru chemchemi. Katika kipindi chote cha mgomo tutahudhuria vipindi, tutafanya usafi kama kawaida na tutavaa sare kamili. Tunatanguliza shukrani.* Chini wakaweka sahihi, wote, yeye wa kwanza.

Nilicheka. Halafu nikaisoma tena, polepole. Ningeweza kuwaambia kwamba mgomo hauombwi. Sikuwaambia. Niliona ni kitu kizuri, na uzuri wake ukanipofusha.

Mkuu wa shule aliniita siku hiyo hiyo. Alikuwa mtu wa Tunduru, mpole, mswalihina, amebakiza mwaka mmoja astaafu. Barua ilikuwa mbele yake, na miwani juu ya barua.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba, mwanangu. Kaa." Akavaa miwani. "'Tutavaa sare kamili.' Wallahi, nimefundisha maisha yangu yote, sijawahi kuombwa ruhusa ya kugomewa." Alikuwa anatabasamu, na tabasamu lilikuwa la kweli. Kisha likaisha. "Lakini neno hili likitoka nje ya geti, mimi pensheni yangu nitaisikia redioni."

"Wanachoomba ni jiko tu, mkuu. Matofali yapo. Fundi yupo."

"Najua. Ila jiko ni jengo, na jengo la shule lina wakubwa zake. Nikijenga leo bila kibali, kesho naulizwa." Akachukua kalamu. Akakata neno *kugoma*, taratibu, akaandika juu yake *kuadhimisha*. "Tuwape siku yao. Siku ya Mazingira. Tumwite mgeni rasmi, wasome risala, jiko waliombe hadharani. Mtu mkubwa akiahidi mbele ya wazazi amejifunga."

Nikaona ana akili. Nikasema sawa, mkuu.

Msichana alikuwa ananisubiri nje chini ya kengele. Nilimweleza kwa furaha nyingi. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Na kuni, madam? Jumatatu tunaleta au hatuleti?"

"Leteni kwa sasa."

"Kwa hiyo hatujagoma."

"Tumepata kitu kikubwa kuliko mgomo," nikamwambia. Sentensi hiyo ningelipa chochote niirudishe mdomoni.

Baada ya hapo mambo yakawa na vikao. Kulikuwa na kamati ya mapokezi, kamati ya burudani, kamati ya chakula. Klabu ikapewa ngonjera ya kukariri. Mwenyekiti akapewa risala, na tukaiandika pamoja siku tatu, tukibishana kila neno, yeye akitaka chemchemi itajwe mwanzoni na mimi nikitaka itajwe mwishoni ili iume zaidi. Alinishinda. Ilikuwa risala nzuri. Nimeandika vitabu viwili tangu wakati ule na sidhani kama nimewahi kuandika ukurasa ulio wazi namna ile.

Jumatatu ya wiki yenyewe, mstarini, mwalimu wa nidhamu wa shule hii akatoa tangazo.

"Alhamisi ni Siku ya Mazingira. Wageni ni wengi, kutakuwa na pilau, maji ya kuoga wageni wanaotoka mbali yachemshwe, chai ya asubuhi ichemshwe. Kwa hiyo Alhamisi kila mwanafunzi, narudia, kila mwanafunzi ataleta kuni mbili. Nene! Zisiwe mbichi!"

Watu wakacheka. Walidhani ni utani. Mwalimu akarudia kwa ukali, na kicheko kikakatika safu kwa safu hadi kidato cha kwanza. Msichana aligeuka akanitazama. Mimi nikaitazama bendera.

Nilikwenda ofisini, hilo nililifanya. "Mkuu, ni siku ya mazingira."

"Mwalimu, mgeni rasmi atakula mazingira?" Hakusema kwa dharau. Alionekana amechoka, na mezani kwake kulikuwa na orodha ya viti vya kukodi. "Nipe njia nyingine ya kuivisha mchele wa watu wale wote, niitumie sasa hivi."

Njia nyingine ilikuwa pale nje, imepangwa chini ya mti karibu na stoo. Nilifungua mdomo kusema hivyo, nikatazama dirishani, nikaona matofali hayapo. Wavulana wa kamati ya mapokezi walikuwa wameyachukua. Nusu waliyapanga kando ya njia ambayo mgeni rasmi angepita. Nusu wakazungushia shimo ambalo angepanda mti. Walikuwa wanayapaka chokaa, kwa uangalifu, wakiimba.

Jumatano alasiri masomo yalikatizwa ili wanafunzi wakatafute kuni. Nilibaki ofisi ya walimu nikisahihisha insha. Dirisha la ofisi ile linatazama bondeni. Kwa wale wasioijua Songea ya Oktoba, ardhi inakuwa nyekundu na tupu, milima inaonekana mbali kuliko ilivyo kwa sababu ya moshi wa mashamba yanayochomwa, na chochote kilicho kijani unakiona toka mbali. Bondeni kulikuwa na kipande kimoja cha kijani. Kilikuwa na misuku mingi, mifupi, iliyobeba masuku ya kwanza, yale matunda ya porini wanayopenda watoto, na mikuyu miwili mikubwa juu ya jicho la maji. Mikuyu ile kina mama wa pale hawakuruhusu mtu aiguse. Misuku haikuwa na mlinzi.

Nilisikia mapanga. Mwanzoni moja moja, kisha mengi kwa pamoja, na sauti za watoto wakiitana, wakitaniana, wakigombea masuku. Ilikuwa sauti ya furaha. Nilisahihisha insha kumi na moja. Ningeweza kushuka bondeni kwa dakika kumi.

Alhamisi msichana alifika getini na sare iliyopigwa pasi hadi mikunjo ikasimama, risala kwenye jalada la plastiki, na mikono mitupu. Nilikuwa pale pale getini na ua la kumvisha mgeni rasmi.

"Kuni ziko wapi?" mwalimu wa nidhamu akamuuliza.

"Sijaleta, mwalimu."

"Umesahau?"

"Hapana. Nimegoma."

Mwalimu akatazama huku na huku kama mtu aliyetukanwa hadharani. "Kwa ruhusa ya nani?"

"Tuliandika barua."

"Mkajibiwa?"

Akalibana jalada kifuani.

Ningefurahi kuandika kwamba mwalimu yule alimfokea. Hakufoka. Alisogea karibu, akashusha sauti. "Mwanangu, wewe ndiye msomaji. Rudi pale bondeni, okota kijiti kimoja tu, hata chembamba. Nitafumba macho. Watu wako njiani."

"Nikileta chembamba, pale mbele nitasoma nini?"

"Utasoma kilichoandikwa!"

"Kimeandikwa tusikate."

Honi ikalia barabarani. Gari la mgeni rasmi lilikuwa limekata kona. Mwalimu akanyoosha mkono kuelekea nje, na huo ulikuwa uamuzi, kwa sababu amri ilikuwa amri na shule nzima ilikuwa inatazama. Msichana akanigeukia. Akanipa jalada.

"Soma wewe, madam. Wewe hujaambiwa ulete kuni."

Akaondoka kwa kupitia kando ya njia ya matofali meupe, bila kuyakanyaga.

Nikasoma. Nilisimama chini ya turubai, mbele ya viti vilivyovishwa vitambaa, nikasoma maneno ya mtoto aliyezuiwa getini, na nikasoma vizuri. Nina sauti nzuri ya kusomea. Moshi wa pilau ulikuwa unapita kati yangu na meza kuu. Nilipofika kwenye jiko banifu watu walipiga makofi, na mgeni rasmi akatikisa kichwa kwa huzuni ya heshima. Kwenye hotuba yake alisema ombi letu amelichukua. Kisha akapanda mti. Mvua zilikuwa bado mwezi na zaidi, kwa hiyo mkuu wa shule akatangaza kwamba mti ule utamwagiliwa kila siku na wanafunzi wanaochelewa.

Nikala. Hilo nalo niliseme. Nilikaa na walimu wenzangu nikala pilau.

Alasiri nikashuka bondeni. Misuku haikuwapo. Vilikuwapo visiki, vyeupe, vya urefu wa goti, na matawi membamba yaliyoachwa chini na masuku yake mabichi yakikanyagwa. Mikuyu ilikuwa imesimama bado, imebaki peke yake, na jua lilikuwa linaingia hadi kwenye jicho la maji ambako sidhani kama liliwahi kuingia. Kina mama walikuwa kwenye foleni. Msichana alikuwa na mama yake, amevua sare, kikombe mkononi.

"Karibu, mwalimu," mmoja wa kina mama akasema. "Mmeshiba? Pilau limenukia mpaka huku, tukasema leo maji yetu yana viungo."

Wakacheka. Niliwaamkia wakubwa mmoja mmoja. Msichana aliinuka.

"Walipiga makofi?"

"Walipiga."

"Sehemu gani?"

"Ya jiko."

"Na ya chemchemi?"

"Hiyo walinyamaza."

Akaitikia kwa kichwa, akainama, akachota. Kikombe kiligonga changarawe. Mama yake alikuwa ananitazama tangu nifike. Alisema kitu kwa Kingoni ambacho sikukipata, Kingoni changu ni cha kuokota sokoni, kisha akakirudia kwa Kiswahili.

"Wewe ndiye uliyewaonyesha watoto wa Ulaya?"

"Ndiyo, mama."

"Wale wakifukuzwa, wana pa kwenda?"

Nikasema nadhani wanapo.

"Haya," akasema. Ndilo jibu pekee alilonipa siku ile.

Jumatatu wakagoma kweli. Hawakuandika barua na hawakunishirikisha. Wanaklabu saba walifika bila kuni, wakasimama nje ya geti kwa mstari, sare kamili, mashati yamechomekwa. Nilitoka kuwaona na nikasimama upande wa ndani. Naukumbuka upande niliosimama. Mkuu wa shule alipita, akawatazama kwa muda mrefu, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, waambie," na mimi sikujua niwaambie nini, kwa hiyo sikuwaambia chochote. Hadi saa nne wanne walikuwa wamekwenda wakarudi na kuni. Jumanne wawili zaidi. Mmoja wao alikuwa yule mvulana wa ukuni wenye majani, na alipopita getini alimwambia mwenyekiti wake, "Samahani, mheshimiwa, mzee amesema ataniua." Hakuwa anatania.

Akabaki peke yake. Jumatano. Alhamisi. Alikuja kila siku kabla ya kengele, na wiki ile, kwa mara ya kwanza, hakuchelewa hata siku moja. Sijui alikuwa anaamka saa ngapi. Alisimama nje hadi mapumziko, rafiki yake akampitishia madaftari kwenye uzio, akakaa chini kwenye vumbi akanakili, akasimama tena. Mtihani wa kumaliza mwaka ulikuwa wiki mbili mbele. Alhamisi mchana nikapewa barua nimpelekee. Asipotimiza wajibu wake hadi Ijumaa, shule ingemhesabu kuwa ameacha masomo. Ilikuwa barua rasmi, imepangwa vizuri, kila kitu mahali pake. Nilimkabidhi. Aliisoma yote, akaikunja mara nne.

"Mti ule wa mgeni rasmi," akauliza, "unamwagiliwa?"

"Unamwagiliwa."

"Kwa maji ya wapi?"

Alijua. Alitaka nitamke. Nikatamka.

Ahadi ya jiko ilibaki ahadi hadi nilipoondoka shule ile mwaka uliofuata. Sina ubaya na mkuu wa shule. Amestaafu, na tukikutana mjini ananiuliza vitabu vinaendaje. Mwalimu wa nidhamu naye sina ubaya naye. Nimejaribu miaka hii yote kumpata mtu mmoja wa kumkasirikia na kila nikimkaribia ananionyesha mtu aliye juu yake, au ananionyesha sufuria la watoto linalotaka kuchemka. Hasira yangu haijapata mahali pa kukaa. Huwa inarudi kwangu, na mimi nina jibu lile lile: nilikuwa na nia njema, nilikuwa nasahihisha insha.

Ijumaa asubuhi mama yake alikuja.

Nilimwona akipanda kutoka bondeni, taratibu, shingo imenyooka chini ya mzigo. Haukuwa ukuni wa kawaida. Lilikuwa tawi zima la mti mkubwa, limekatwa kwa shoka pande zote mbili, nene kuliko paja lake, gome laini la rangi ya majivu. Kila mtu pale anaijua rangi hiyo. Binti yake, aliyekuwa amesimama nje ya geti mahali pake pa siku zote, alilijua kabla yangu.

"Mama, mkuyu?" akasema. "Mama, umekata mkuyu?"

"Ingia darasani."

"Mama."

"Nimesema ingia. Miti utaigombea ukishamaliza fomu foo. Nitakusaidia mwenyewe. Leo ingia."

Msichana hakusogea. Mama alinipita, akaenda nyuma ya jiko, akasimama mbele ya rundo. Tawi lilikuwa zito, hakuweza kulishusha peke yake bila kujiumiza. Mwalimu wa nidhamu alikuwa ameinamia daftari lake. Hakutaja kwamba mti ni mbichi.

"Mwalimu," mama akaniita. "Nitue."

Nikaenda. Nikashika upande mmoja na yeye upande mwingine, tukalishusha, tukalilaza juu ya kuni za wanafunzi wengine. Utomvu mweupe ulikuwa bado unatoka pale shoka lilipopita. Mama akajifuta shingo kwa kanga, akasema asante, akarudi alikotoka kwa njia ya nyuma ili asipite tena mbele ya binti yake.

Msichana aliingia darasani saa mbili kamili. Kipindi cha kwanza kilikuwa changu. Niliandika tarehe ubaoni na chaki ikanata kwenye utomvu vidoleni, nikajifuta kwenye sketi, ikanata tena. Walinisubiri. Yeye alikuwa amefungua daftari, amepiga mstari wa pembeni kwa rula, na macho yake yalikuwa ubaoni, si kwangu.